Nyumba Yenye Mwenyewe

Mkunga alipostaafu, kitu pekee alichokitamani ni nyumba kisiwani, yenye upepo na nafasi ya kuwalaza wajukuu. Mwanawe wa kike alimcheka. "Mama, wewe hata maji ya beseni unayaogopa!" Hakumjali. Alimpigia dalali, akatumiwa picha za nyumba ambayo mwenyewe, mwanamume aliyeko kazini mbali, anaiuza; wakapanda boti ya asubuhi, akatapika njia nzima.

Nyumba ilikuwa kama ilivyoonekana pichani: kuta nene, baraza pana, bahari ng'ambo ya barabara. Mlangoni alisimama mwanamke mwenye mikono iliyojaa povu la sabuni.

"Karibuni jamani! Mdogo wa mume wangu kaniambia wageni wanakuja kutazama."

"Mpangaji tu huyo," dalali alimnong'oneza mkunga. "Atahama."

Lakini maneno ya mwanamke yule hayakuwa ya mpangaji. Jikoni aliwaonyesha ukuta aliotaka kuutoboa apate dirisha. Bafuni aliomba radhi kwa bomba linalovuja. Mumewe akirudi kutoka kazini mbali, alisema, atalitengeneza. Kisha akafungua chumba cha mwisho.

"Hiki ndicho chenu. Godoro jipya, mtalala fofofo."

Dalali akaanza kukohoa.

"Dada," mkunga alisema, "umeambiwa tumekuja kufanya nini?"

"Kupanga chumba. Kwani sivyo?"

"Tumeletwa kununua. Nyumba nzima. Anayeuza ni mumeo."

Alilisema kavu, kama alivyozoea wodini kuwaambia watu habari isiyofaa kuzungushwa. Mwanamke akaketi juu ya godoro, akampigia mumewe simu. Sauti ilisikika chumba kizima: "Mke wangu, nilikuwa natafuta wakati mzuri wa kukwambia."

Akaikata.

"Tokeni," alisema, bila kupaza sauti.

Ndani ya boti dalali alinuna. "Umeniharibia kazi, mama. Ungenyamaza tu, wenyewe wangemalizana." Mkunga alikuwa ameinamia ndoo, akitapika.

Mwanamke alikwenda serikali ya mtaa kuweka pingamizi, na nyumba haikuuzwa. Mume alirudi, wakagombana, akaondoka tena. Baadaye mkunga alipata kiwanja upande wa pili wa kisiwa, kupitia dalali mwingine, akajenga vyumba viwili vya kumtosha.

Sokoni hukutana na yule mwanamke. Kila akimwona, mwanamke huinamia fungu la nyanya na kujifanya anachagua, mpaka mkunga apite.

Mara ya kwanza ilimuuma. Alitegemea walau salamu. Kisha akawakumbuka wale waliojifungulia mikononi mwake, waliomtukana na kumng'ata mkono kwa uchungu, wakatoka salama na watoto wao, na ambao mpaka leo wakimwona kwa mbali huvuka barabara. Hakuwahi kuwawekea kinyongo. Kuna sura mtu hapendi kukumbuka kwamba aliwahi kuonwa nayo.

Akanunua nyanya zake meza ya pili.