Kyoto Kabla ya Majani Kuwa Mekundu

Daktari hakumwita mume wangu. Aliniita mimi na mwanangu Haruhiko, kwenye kichumba kilichotundikwa makoti ya wauguzi, akatuambia kwamba walimfungua Tokuzo tumbo, wakaangalia, wakafunga. Hakuna walichotoa. Ugonjwa ulikuwa umeshatoka tumboni umeingia kwenye ini. Nikauliza kama ataufikia mwaka mpya. Daktari akatazama viatu vyake, akasema huenda, ila nguvu za miguu zitamwondoka mapema, pengine mwezi wa kumi.

Kwetu neno kama hilo haambiwi mwenye nalo. Huambiwa ndugu, na ndugu hulibeba. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini kwetu mgonjwa hafichi chochote, yeye ndiye anayefichwa. Haruhiko aliamua palepale mlangoni: baba alikuwa na vidonda vya tumbo, vimekatwa, amepona. Yeye ni mhandisi huko Sendai, amezoea kuamua. Mimi niliishia darasa la nne, nikatolewa shule nikalee wadogo zangu. Nikaitikia kwa kichwa.

Tokuzo akarudi nyumbani amenywea kama fulana iliyofuliwa kwa maji ya moto, lakini anacheka. Alisema vidonda vimetoka na kisingizio kimetoka navyo, sasa tunakwenda Kyoto.

Safari hiyo niliisikia tangu nikiwa bibi harusi. Tokuzo alikuwa fundi wa mapaa ya vigae, na bwana aliyemfundisha kazi alikuwa amejifunzia Kyoto, akimsimulia mapaa ya mahekalu ya huko jinsi watu wengine wanavyosimulia mabinti. Akaapa atakwenda kuyaona, na atayaona majani yakiwa mekundu nyuma yake, kama alivyosimuliwa. Ila pwani yetu ya Niigata theluji haina subira. Vuli ndiyo msimu wa fundi wa mapaa, kila mtu anataka paa lake lifungwe kabla ya theluji. Kwa hiyo kila vuli Tokuzo alikuwa juu ya paa la mtu, na Kyoto ilikuwa mwakani.

Akanunua kitabu cha ratiba za treni, kile kinene kama tofali, akakifungua kwenye meza fupi ya sebuleni, akachonga penseli. Mpango wake ulikuwa huu: chumba kimoja mjini, mwezi mzima, mizigo ikae palepale. Asubuhi tunapanda treni, tunakwenda mahali, jioni tunarudi kulala kwetu. Alisema hatutahamahama na mabegi kama wauza dawa za mitishamba. Nara siku moja, mji wa Uji siku nyingine, Hikone kwenye ngome ya kando ya ziwa, bonde la Hozu ambako reli inapita juu ya mto. Aliziunganisha treni kwa ufundi wake. Hii ikifika, ile ndiyo inaondoka, katikati muda wa kuvuka jukwaa na kununua chakula cha boksi. Akaniambia ratiba ni kama vigae, kimoja lazima kilalie kichwa cha mwenzake, ukiacha mwanya mvua inaingia.

Nilikaa naye nikimenya figili, nikimwangalia anavyopiga mstari. Yote aliyapanga kuanzia katikati ya Novemba, kwa sababu ndipo momiji, ile miti ya majani mekundu, inapowaka Kyoto. Na mimi nilijua kwamba katikati ya Novemba miguu ile haitapanda hata ngazi ya kwetu.

Nikaanza kuivuta tarehe. Nilisema Novemba kuna baridi, kovu litamsumbua. Akajibu kwamba kovu lake limezaliwa Niigata, baridi ya Kyoto litaiona ya kitoto. Nikasema vyumba vitajaa wageni. Akasema ameshaandika kadi kwa mama mwenye nyumba. Siku nyingine nikasema mbona tusiende wiki ya kuzuru makaburi, mwishoni mwa Septemba, maua mekundu ya mashambani yakiwa yamechanua, nayo si mekundu pia? Akaweka penseli chini, akanicheka.

“Mama Haru, kwenda Kyoto majani yakiwa mabichi ni kama kwenda harusini siku ya kuosha masufuria.”

Nikacheka na mimi. Kisha nikaenda jikoni nikafungua bomba la maji mpaka mwisho.

Haruhiko akaja bila taarifa. Mwanangu huyu huja mara mbili kwa mwaka, mwaka mpya na siku za kiangazi za kuwapokea wafu wa ukoo, na hapo alikuwa ameshatoka kuwapokea wafu. Alikuja Jumapili ya kawaida amevaa tai. Mkononi alikuwa na sanduku la mbao, na ndani yake tikiti la kijani lenye ganda la wavuwavu, kikonyo chake kimeachwa kirefu kama pembe, limefungwa utepe.

Tikiti la namna ile kwetu hulinunui ili ule mwenyewe. Linapelekwa hospitali kwa mtu aliyelazwa. Mtoto mdogo anajua hivyo. Haruhiko alikuwa amelichagua kwa mapenzi yake yote, akalibeba kwenye treni saa tatu na zaidi akiwa amelipakata, na katika njia yote hiyo hakujiuliza linasema nini.

Tokuzo akalitazama lile sanduku. Akamtazama mwanawe, akanitazama na mimi.

“Kuna mgonjwa wapi?” akauliza.

Haruhiko akasema hakuna, ni la kusherehekea kupona. Akasema maneno mengi. Tokuzo akamshukuru, akasema lipelekwe kwanza madhabahuni kwa mababu, walionje harufu, na jioni tukalikata. Alikula kipande chake chote, polepole, akasifu. Haruhiko akarudi Sendai amefurahi.

Kesho yake nikamkuta Tokuzo kwenye kibaraza cha nyuma, kitabu kipo mapajani kimefungwa. Nilikuwa nimembebea chai. Hakuipokea.

“Miaka yote hii hujawahi kuniharakisha,” alisema. “Hata siku nilipochelewa kuzaliwa kwa Haru kwa sababu ya paa la watu, hukuniambia harakisha. Sasa kila siku unaivuta Novemba kwa mkia. Nikikuuliza neno, utanijibu?”

Nilikuwa nimemwahidi mwanangu. Nilikuwa pia nimelala na mtu huyu chini ya blanketi moja tangu nikiwa sijui kupika wali vizuri. Nikaweka chai chini kwa sababu ilikuwa inamwagika.

“Ukiniuliza, nitakujibu, Baba Haru.”

Kunguru walikuwa wanagombania kitu kwenye mti wa jirani. Aliwatazama mpaka wakaondoka.

“Basi sikuulizi. Nichagulie tu. Novemba, au mapema?”

“Mapema.”

“Mapema kiasi gani?”

“Wiki ya makaburi.”

Akaitikia kama mtu aliyetajiwa kipimo cha mbao. Kisha akaniambia nimletee kifutio. Alifuta mpango mzima, mstari kwa mstari, akipuliza vumbi la kifutio lisiingie kwenye chai, akaanza upya. Safari hii alichagua treni ambazo mtu akibadilisha ana muda mrefu wa kukaa. Hekalu lenye ngazi nyingi mlimani akaliruka bila kusema kitu. Hatukulizungumza tena jambo lile, wala hakulia, wala mimi.

Haruhiko alikataa kwenye simu. Alisema baba awe karibu na hospitali. Nikamwambia baba yako anataka. Akanituhumu kwamba namdekeza. Nikasema ndiyo.

Kyoto ilikuwa na joto. Tulipanga chumba cha juu kwa yule mama aliyeandikiwa kadi, mjane aitwaye Fusae, mwenye ulimi wa kule, unaokupaka mafuta huku ukikufinya. Alituangalia mlangoni na mabegi yetu yaliyojaa nguo za sufi.

“Jamani, wageni wangu mmewahi. Majani hata hayajaanza kuvaa.”

“Tumekuja kuyafungia mkanda, mama,” Tokuzo akamjibu. Yule mama akacheka kwa kweli, na tangu siku hiyo akawa anamletea tofu laini bila kuombwa.

Nara tulifika wote wawili. Alisimama mbele ya hekalu kubwa, kofia mkononi, shingo imelala nyuma, mpaka watalii wakawa wanampita kama maji yanavyopita jiwe. Paa lile lina pembe mbili za dhahabu juu yake. Kwenye treni ya kurudi ndipo akasema kwamba yule bwana wake aliyemfundisha alikuwa mwongo, hakusimulia hata nusu.

Hikone tulifika kituoni tu. Aliposhuka kwenye treni alishika nguzo, rangi ikamtoka. Tukakaa kwenye benchi la mbele ya kituo. Kutoka pale ngome unaiona juu ya kilima, ndogo, nyeupe, yenye paa la kijivu. Nilimwambia tupumzike kisha tupande teksi mpaka chini ya ngazi. Akasema hapana, anaona vizuri. Akakunja macho.

“Ule mstari wa vigae wa kushoto, karibu na pembe. Aliyeupanga alikuwa na njaa.”

Mimi sikuona mstari wowote. Jasho lilikuwa linamtiririka nyuma ya masikio, na hakukuwa na jua. Tulikula chakula chetu cha boksi palepale, yaani nilikula mimi, yeye aliokota mbegu za ufuta moja moja juu ya wali. Treni tuliyopanga kurudi nayo ilikuwa ya jioni. Tulipanda iliyotangulia.

Baada ya hapo hakutoka tena. Alilala kwenye godoro karibu na dirisha, na kila nilipokuja na supu aliniuliza leo ilikuwa siku ya wapi. Nikamwambia siku ya Uji. Akasema basi nenda. Nilikataa. Akakasirika, mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani.

“Nimefuta na kupanga mara mbili. Treni inaondoka ikiwa na viti vyetu viwili, na wewe umekaa hapa unanihesabia pumzi. Nenda ukaangalie paa, urudi uniambie.”

Akanifundisha kusoma kile kitabu, herufi zake ndogo kama mayai ya samaki. Kidole chake kilikuwa kimekauka, lakini hakikukosea safu. Nikaenda. Mama Fusae alikaa naye.

Nilikuwa sijawahi kusafiri peke yangu maishani. Nilikaa dirishani, kiti cha pembeni yangu nimekiwekea mkoba. Kule Uji nilisimama mbele ya jumba la hekalu lililotandaza mabawa pande mbili, nikatazama paa mpaka shingo ikauma, kwa sababu nilijua nitaulizwa. Na niliulizwa. Ukingo umepinda wapi? Kigae cha zimwi pale mwisho wa mgongo wa paa, meno yake yako wazi au yamefungwa? Niliposhindwa kujibu alisema ndiyo matatizo ya kuoa binti wa wavuvi, anaangalia chini tu. Kisha akauliza:

“Na majani?”

Ulimi wangu ulikuwa umeshainuka kusema yameanza. Jani moja moja, kando ya mto. Hakuwa na njia ya kunikamata. Lakini kati yetu, katika jambo hili lote, palikuwa na neno moja tu la kweli, lile la kibarazani, nami sikutaka kulizungushia uongo.

“Mabichi,” nikasema. “Yote.”

“Haya.”

Nikaenda Hozu. Mabichi. Nikaenda kandokando ya ziwa, mabichi, na wiki iliyofuata mabichi vilevile. Kila niliporudi alikuwa mwepesi zaidi kumgeuza. Maumivu yalikuwa yamefika mgongoni. Usingizini alisaga meno, na Mama Fusae akaacha utani wake, akawa anapanda ngazi kwa kunyata.

Ndipo nikampigia simu Haruhiko, naye akaja na gari la wagonjwa kumrudisha nyumbani. Aliingia chumbani akitabasamu, tabasamu lile la kushikiliwa kwa meno. Alipiga magoti kando ya godoro akasema ni vidonda tu vimechokozwa na safari, vitatulia. Akasema, “Baba, ukipata nguvu mwezi ujao tunarudi wote, uyaone majani.”

Nilimtazama Tokuzo. Sauti yake ilikuwa imebaki upepo.

“Vizuri, mwanangu. Tafuta chumba kikubwa, mkeo na mtoto waje. Na usisahau kuninunulia ratiba ya mwezi wa kumi na moja, wanabadilisha treni.”

Uso wa mwanangu ukafunguka. Alishuka ngazi mbio kuitafuta hiyo ratiba, kituoni au duka la vitabu, sijui, akionekana kama alipokuwa na miaka kumi. Nikabaki nimeshika kitambaa cha maji. Nikamwambia Tokuzo, sasa imetosha, Haru akipanda nitamwambia kwamba unajua, akuage vizuri kama mtoto anavyomuaga baba.

Akatikisa kichwa, hapana.

“Mwache, Mama Haru. Amelijenga paa lake kwa jasho. Tusilipande, tutalivunja.”

Alikufa nyumbani kwetu kabla Oktoba haijaisha, mchana, mvua ikinyesha. Kwenye lile gari la wagonjwa mwana na baba walikuwa wamezungumza njia nzima juu ya Novemba, treni gani, kituo gani, nami nilikaa mbele na dereva, nikiwasikia.

Siku ya mazishi, tulipotoka kuokota mifupa kwenye majivu, maana kwetu maiti huchomwa, watu wakakaa kwa chakula kisicho na nyama. Mafundi wa zamani walikuja, mikono yao mikubwa haijui pa kukaa. Haruhiko alienda kwa kila mmoja kumimina pombe na kushukuru, na kwa kila mmoja nilimsikia akisema baba hakujua, aliondoka akiwa anapanga safari, hakuteseka moyoni. Wazee waliitikia. Walisema hiyo ndiyo heshima ya mtoto kwa mzazi.

Mwisho akaja akakaa karibu yangu. Macho yalikuwa yamevimba. Alikuwa hajaweka kitu mdomoni tangu asubuhi.

“Tulifanya vizuri, Mama,” alisema. “Si tulifanya vizuri? Hakujua.”

Nikamsogezea bakuli.

“Kula, mwanangu. Wali unapoa.”