Mbwa Aliyenipisha

Koplo alikuwa mbwa wa mume wangu, si wangu. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka kumi na moja ndivyo nilivyomjibu kila aliyeuliza mama wa Kinubi, anayeswali swala tano, anafanya nini na mbwa uani.

Fadhul alifanya kazi na mbwa wa polisi kule Naguru mpaka alipostaafu. Siku aliyoniletea huyu, akiwa bado mtoto ndani ya kikapu, sikio moja limelala na halikusimama tena maisha yake yote, nilimwambia achague, mimi au mbwa. Akanijibu kwamba yeye amestaafu konstebo baada ya miaka thelathini, basi aachwe angalau alale boma moja na koplo. Nikacheka, na mwanamke akishacheka ameshashindwa. Tukakubaliana kwamba mbwa hataingia ndani, na mimi sitamgusa. Fadhul akamfundisha kwa Kiswahili, kama alivyowafundisha wale wa serikali. Kaa. Simama. Lete. Na kwa ajili yangu akamfundisha neno moja zaidi, njia. Nikitoka na nguo za swala kwenda bombani kutawadha, nikasema njia, Koplo alijiondoa mpaka ukutani na kugeuza uso, ili mate yake yasinipate.

Fadhul alifariki miaka minne iliyopita. Binti yangu Mubaraka ameolewa Bombo na hunipigia simu kila Ijumaa. Wajukuu huzungumza Kiganda na Kiingereza, na mimi hujibu nusu. Chumba cha nyuma nimempangisha Nabalayo, Mkenya kutoka Bungoma, anayeuza nguo za watoto sokoni Nakivubo. Yeye huondoka mapema na kurudi jua likizama. Kwa hiyo siku nyingi neno langu la kwanza lilikuwa njia, na kuna siku lilikuwa la kwanza na la mwisho mpaka Nabalayo arudi.

Mwezi wa Shaabani mguu wa nyuma wa Koplo ulivimba. Nilidhani ni msumari. Huku kwetu Katwe ya chini, kati ya karakana za vyuma, kila mguu hukutana na msumari wake. Nikawa namwagia maji ya uvuguvugu yenye chumvi kwa birika, nikiwa nimesimama mbali. Obwona, fundi wa karakana iliyopakana nasi, alikuja akautazama wayo wote kwa tochi. Hakuona kitu, na uvimbe ukazidi kupanda.

Jumatatu akaja daktari wa mifugo, binti mmoja anaitwa Acayo. Alipobonyeza pale palipovimba, Koplo alifungua mdomo akaushika mkono wake, hakuuma, aliushika tu kama mtu anayekuomba uache. Daktari hakuurudisha haraka. Alingoja mpaka Koplo amwachie mwenyewe. Kisha akanieleza kwamba ni saratani ya mfupa, imeshafika kifuani, na kwamba mfupa wenyewe umekuwa mwepesi, unaweza kuvunjika wakati wowote. Kuukata mguu wa mbwa mzee kama yule ni kumtesa bure. Aliniachia vidonge vya maumivu. Akasema ipo sindano ya kumlaza, kisha moyo unasimama, naye hasikii kitu. Siku nitakayoona imetosha, nimpigie. Simu yake ililia mara tatu wakati namuuliza maswali yale yale, naye hakuipokea hata mara moja.

Nikaenda kumuuliza shehe wetu kama ni dhambi. Niliogopa atanicheka, mwanamke mzima kuleta habari za mbwa msikitini. Hakucheka. Alisema kama dawa hakuna na yamebaki mateso tu, kumpumzisha kwa upole si dhambi, na kumhurumia mnyama kuna thawabu yake. Akanisindikiza mpaka kwenye ngazi kwa sababu kulikuwa na tope.

Basi nilikuwa na ruhusa ya daktari na ruhusa ya shehe, na bado sikupiga simu. Jumanne nikasema tuone. Jumatano nikamwambia Nabalayo kwamba namngojea Mungu. Nabalayo hana maneno ya kuzungusha.

"Mama, Mungu ameshakutumia daktari na shehe. Sasa unangoja malaika?"

Nikamwambia aende akaoshe masufuria yake. Lakini alisema kweli. Sikuwa namngojea Mungu. Nilikuwa naogopa hii nyumba. Nilihesabu kwamba Koplo akiondoka, kuanzia asubuhi mpaka jioni hakutakuwa na kiumbe wa kumwambia hata neno lile moja.

Alhamisi alfajiri nilitoka kutawadha. Koplo alikuwa amelala katikati, kati ya mlango na bomba. Nilifunga mdomo makusudi, sikusema njia, nikakusudia kuzunguka kwa upande wa kamba ya nguo ili asisumbuke. Lakini aliiona nguo nyeupe. Miaka kumi na moja, neno lenyewe halikuhitajika tena. Akajivuta kwa miguu ya mbele kuniachia njia, na nikausikia mfupa. Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama ukuni mkavu uliovunjwa ndani ya kitambaa. Hakulia mpaka alipofika ukutani. Hapo alilia kidogo, kisha akageuza uso kama alivyofundishwa.

Niliswali, na sikumbuki nilisoma sura gani. Tangu Jumatatu nilijiambia kwamba ninamwonea huruma, kumbe nilikuwa nimembebesha woga wangu juu ya mguu uliooza. Nikampigia Acayo. Akasema saa nne atakuwa amefika.

Nabalayo hakwenda Nakivubo. Alisema biashara imelala, na mimi najua shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, siku zake za kuuza kuliko zote. Obwona alikuja na jembe bila kuitwa.

"Mama, mimi nachimba. Wewe kaa tu," akasema.

Alichimba nyuma ya jiko, na kwa kuwa ardhi yetu ni ya bondeni, maji yalianza kujikusanya chini ya shimo. Akarudi karakana akaleta vipande vya bati, akavipanga ndani ili Koplo asilale kwenye maji. Daktari alipofika getini, nyundo za karakana zikanyamaza, moja baada ya moja. Hakuna aliyeniambia ni nani aliyewanyamazisha. Nimeishi hapa tangu niolewe, na sikuwahi kusikia Katwe imenyamaza mchana.

Acayo akasema mtu amshike kichwa, asijitikise. Nabalayo alikuwa ameshavaa glavu za plastiki. Alisema kwa sauti ya chini kwamba atamshika yeye, mimi nina swala ya adhuhuri mbele yangu, nisijitie najisi. Alikumbuka hilo, yeye ambaye Jumapili huenda kanisani. Nikamshukuru nikamwambia hapana.

Niliposogea, Koplo alianza tena kujivuta.

"Kaa, Koplo," nikamwambia. "Leo usinipishe. Kaa hapo hapo."

Akakaa. Nikaketi chini kwenye udongo, nikamwekea kichwa mapajani kwangu. Sikuwa najua kwamba masikio yake ni laini vile, na kwamba lile lililolala lina joto kuliko mwenzake. Kitu cha karibu hivyo, kiko nyumbani kwako miaka kumi na moja, na hujui. Alinitazama usoni muda mrefu. Nadhani alikuwa hajawahi kuuona uso wangu kwa karibu, maana kila nilipopita aligeuka. Alinilamba kwenye kifundo cha mkono, mara moja tu. Daktari akaingiza sindano kwa upande ambao Koplo hakuweza kuuona. Niliendelea kumwambia maneno, kwanza kwa Kiswahili chake, halafu kwa Kinubi, yale niliyokuwa nikiwaambia watoto wangu walipokuwa na homa. Kichwa kikawa kizito. Acayo akasikiliza kifua chake, akasikiliza tena.

"Amekwenda, mama."

Hakuna aliyeniambia niinuke. Acayo alifungasha vitu vyake polepole, vichache vile, mpaka nilipokuwa tayari.

Baada ya kumfukia nilikwenda kuosha mikono. Kwetu, mate ya mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Udongo niliuchota kwenye ule uliobaki pale nyuma ya jiko. Nabalayo alinimiminia maji kwa jagi huku akihesabu kwa sauti. Alipofika tano akaanza kulia, akapoteza hesabu, hatukujua ni ya tano au ya sita. Tukaanza upya kutoka moja. Sikuwa na haraka. Ukishafika saba, umemaliza, na sikutaka kumaliza.

Nikabadili nguo, nikaswali adhuhuri. Nilipotoa salamu ndipo nyundo zilipoanza tena. Walikuwa wamepoteza nusu ya siku, watu wanaolipwa kwa kila mlango na kila dirisha.

Alasiri Nabalayo alikwenda Nakivubo kuokoa kilichobaki cha siku. Aliniachia chai ndani ya chupa na mihogo chini ya kawa, akanitaka nimwahidi kula. Mubaraka alipiga simu, ingawa haikuwa Ijumaa. Alisema pole mama, halafu akasema nihamie Bombo, chumba kipo. Nikamwambia tutazungumza. Nilikula kipande kimoja cha muhogo kwa sababu ya ile ahadi.

Karibu na magharibi mtu aligonga geti. Nilikuwa ndani, nikainua kichwa kusikiliza. Koplo alikuwa na sauti moja ya kumbwekea Nabalayo, nyingine ya Obwona, na nyingine ya wasiojulikana, nami sikuwahi kufika getini bila kujua ninamfungulia nani. Nikatoka mpaka uani nikasimama. Akagonga tena, polepole, kwa adabu. Nilitaka kuuliza ni nani, na sauti haikutoka, ilikuwa imekaa siku nyingi bila kupewa kazi hiyo. Nilipoipata, nikauliza. Nikangoja. Nikauliza mara ya pili, mkono ukiwa kwenye komeo, lakini aliyegonga alikuwa ameshaondoka.