Mara ya Tatu

Nilimkuta mume wangu amelala ubavu kati ya mistari ya chai, kikapu kimepinduka, majani yametapakaa miguuni pake. Pumzi yake ilinuka utamu, kama matunda yaliyoanza kuoza. Mimi ni muuguzi. Harufu ile sikuhitaji kuambiwa ni ya nini.

"Kipkemoi, mara ya mwisho ulijidunga lini?"

Macho yake yalinitafuta yasinipate. "Mimi nilishapona," akasema.

Siku tano kabla ya hapo, Pasta Ogoti alikuwa amemwekea mikono kwenye mkutano wa maombi kule Silibwet. Mimi nilikuwa zamu. Alirudi nyumbani anaimba, nami nikafurahi kumwona amefurahi. Kila asubuhi aliendelea kuvuta insulini kwenye sindano ili nisimuulize kitu, kisha akaenda kuimwaga nyuma ya bafu.

Majirani walimbeba hadi zahanati ninakofanya kazi. Mishipa yake ilikuwa imenywea. Nilikosa mara mbili kabla dripu haijaingia. Kipimo cha sukari kilishindwa hata kuonyesha namba. Ambulensi ikatupeleka hospitali ya Bomet, na kwa siku nne nilikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda chake, nikiomba. Ndiyo, niliomba. Nilikuwa nimeacha tangu mwaka wa korona, nilipofunika nyuso za wafu wengi mno, lakini maneno yalikuja yenyewe, nami sikuwa na nguvu za kuyazuia.

Alipona. Wiki mbili baadaye alisimama kanisani, suti ikimpwaya, akatoa ushuhuda. Mungu alimtoa mautini, alisema. Dripu hakuitaja. Insulini hakuitaja. Watu walipiga vigelegele, na kwenye benchi lililokuwa mbele yangu, jirani yetu Mama Mellen, mgonjwa wa presha wa miaka mingi, aliinua mikono yote miwili akilia.

Nikasimama. Hakuna aliyeniita.

"Mungu amemtoa, sikatai," nilisema. "Lakini alianguka kwa sababu aliacha dawa. Kama kuna mwingine hapa ameacha, aje kwangu kesho. Sitamgombeza."

Pasta Ogoti akainamia Biblia yake, akafungua kurasa ambazo nina hakika hakuzisoma.

Njiani Kipkemoi alitembea hatua kadhaa mbele yangu. "Umenianika mbele ya watu, Mama Cheptoo."

"Ningekuzika mbele ya watu hao hao."

Wiki nzima hatukusemezana. Lakini kila asubuhi alikuja jikoni nilipo, akapandisha shati, akajidunga tumboni huku akiangalia ukuta, ili nione.

Siku iliyofuata ushuhuda ule, Jumatatu, walikuja zahanati watano. Mama Mellen hakuwa mmoja wao. Miezi miwili baadaye alianguka akichemsha maziwa, na kabla pikipiki iliyombeba haijafika barabara ya lami, alikuwa amekata roho.

Siku tatu baada ya mazishi, Pasta Ogoti alikuja zahanati. Aliketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa, akasubiri mpaka wa mwisho aondoke. Mimi maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyapanga tangu kile kiti cha Bomet, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa na makali yake.

"Daktari," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kipaza sauti, "ni mimi nilimuua yule mama?"

Ni miaka mitatu sasa, na bado sijui kwa nini sikumjibu ndiyo. Labda ni uchovu. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimeshafungua kitabu cha wagonjwa asubuhi ile, nikatafuta jina la Mama Mellen.

"Alikuja hapa," nikamwambia. "Mwezi wa tisa. Akarudi mwezi wa kumi. Dawa za presha hazikuwepo, zilikuwa hazijaletwa. Mara zote mbili nilimwambia aende akanunue mjini, na nilijua hana uwezo. Mara ya tatu hakuja."

Pasta alijifuta uso kwa kiganja.

"Mara ya tatu alikuja kwangu," akasema.

Nikaketi kwenye benchi, upande wa pili. Hatukutazamana. Nje, wachumaji walikuwa wakipeleka majani kwenye kituo cha kupimia, wakiitana kwa Kikipsigis na kucheka, kama watu waliomaliza kazi ya siku.

"Naweza kuomba hapa?" akauliza.

"Omba. Lakini usipaze sauti. Kuna mama aliyelazwa ndani, amepata usingizi sasa hivi."

Aliomba kwa sauti ya chini kiasi kwamba sikusikia hata neno moja. Nilimsubiri mpaka akamaliza, kisha nikainuka kufunga dirisha, maana mvua ilikuwa imeanza kuingia.