Vigae vya Seline

Siku Calvince, mtoto wa Seline, alipomaliza kumwezekea mamake vigae vyekundu, nilihamisha kiti changu nikaanza kukaa jikoni, nisivione. Ndiyo, wivu! Mnataka nidanganye na uzee huu?

Seline ni mke mwenzangu. Mzee wetu alituacha wawili katika boma moja huku Katito, mimi Mikayi, yaani mke wa kwanza, yeye wa pili. Tangu aolewe tulikuwa tunapimana: nani kavuna mahindi mengi, mtoto wa nani kapita mtihani. Mara nyingi nilishinda, na nikishinda nililala usingizi mtamu. Sasa mabati yangu yana kutu, yeye ana vigae na bafu ya ndani. Nikaacha kwenda kwake kwa chai ya jioni. Nikinywa peke yangu haishuki. Presha ikapanda, nguo zikaanza kunipwaya.

Binti yangu Debra akachoka. "Mama, twende mjini Kondele ukae na mimi. Hapa utakufa kwa kuangalia paa la wenyewe."

Nikakubali. Jumamosi akaja na pikapu ya kukodi, tukapakia godoro na masufuria. Seline alisimama kwenye veranda yake akituangalia tukipakia. Nikajiambia, haya, amefurahi, boma lote sasa ni lake.

Dereva alipowasha gari, Seline akaja mbio, akashika mlango.

"Unaenda wapi, Mikayi?"

"Kwa mtoto wangu. Baki na vigae vyako."

"Vigae!" Akasonya. "Siku niliyohamia nilichungulia dirishani nione kama unaangalia. Ulikuwa umefunga mlango. Kila siku nachungulia, umefunga! Hiyo nyumba ina raha gani?"

"Si watu wa kanisa wanakuja kuisifu?"

"Hao walinijua juzi! Wewe ndiye uliniona kwenye nyumba ya nyasi iliyovuja, mvua ikinyesha nikiwafunika watoto na ngozi ya ng'ombe. Ukienda, nani atajua nimetoka wapi?" Akaanza kulia, mtu mzima vile.

Nilikuwa na tusi tayari, wallahi, nikalimeza. Nilimhurumia, na nikajihurumia pia.

"Debra, shusha godoro."

"Mama, jamani!"

"Shusha, nimesema!"

Nikaenda mbele ya veranda ya Seline polepole, magoti yakilalamika. Nikainua macho, nikaviangalia vile vigae kimoja kimoja.

"Fundi wako amepindisha huu mstari wa pembeni," nikasema.

Seline akafuta machozi haraka. "Wapi? Nionyeshe."