Timu ya Sita Kati ya Sita

Timu ya mpira wa kikapu ya Nyamwaga ilikuwa ya sita, na timu zote zilikuwa sita.

Haikuwa siri. Kila Jumamosi Bwana Athanas, Afisa Utamaduni, mtu wa Ukerewe aliyeletwa Tarime na serikali pamoja na baiskeli yake, aliandika kwa chaki kwenye ubao uliotundikwa nje ya ghala la ushirika. Hakufuata ushindi peke yake. Alizipanga timu kwa nguvu, kadiri jicho lake lilivyoona, na kila timu akaitupia maneno yake machache. Siku ya soko watu waliacha kuuliza bei ya maharage, wakaenda kusoma ubao.

"Tarime Mjini, ya kwanza: wote wana viatu. Natta, ya pili: wanakimbia kama wamefukuzwa na nyati." Ukishuka hivyo, unafika chini. "Nyangoto, ya tano: mtu mmoja na wenzake wanne wa kumtazama. Nyamwaga, ya sita: vijana wenye adabu sana. Mpira hawaugusi mpaka waruhusiwe."

Kornelio Heche, mwalimu wa timu ya Nyamwaga, aliishia darasa la nne, lakini hayo aliyaelewa yote. Alirudi nyumbani akapita nyuma ya maboma ili asikutane na watu. Mkewe Kezia alikuwa anasonga ugali.

"Nasikia leo mmepanda," alisema Kezia.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna mtu. Nimewaza tu, maana kushuka haiwezekani tena."

Kornelio alimega ugali. Mchezo huo wa kikapu aliutoa jeshini, JKT, akarudi nao kijijini pamoja na buti nyeusi ambazo hakuzivaa ila siku ya mechi na siku ya soko. Nguzo za kiwanja alizikata mwenyewe, vyuma vya kikapu akavipinda mwenyewe kutoka kwenye pipa bovu. Mwaka huo wa sabini na tano kijiji kizima kilikuwa kinalima shamba la ujamaa, wakubwa kwa wadogo, isipokuwa vijana kumi wa Kornelio. Wao Jumanne na Ijumaa waliruhusiwa kwenda mazoezini. Ndiyo ilikuwa mishahara yao: kutolima. Na hakuna mshahara unaoonwa kwa wivu kama huo, maana wenye majembe waliwaona kila walipoinua mgongo.

Ndiyo maana mwenyekiti wa kijiji, Hezekia Machage, alisimama mkutanoni.

"Serikali inataka michezo, vizuri. Lakini haijatuambia tuwalishe vijana kumi ili wawe wa mwisho. Imebaki mechi moja. Ikiisha na ubao bado unasema sita, kiwanja kinapandwa mihogo, na hawa mabwana warudi kwenye mstari na majembe yao."

Akina mama walipiga makofi. Kezia alipiga kuliko wote.

Mechi iliyobaki ilikuwa na Nyangoto, hapo hapo Nyamwaga. Kama kulikuwa na timu chini ya jua ambayo Nyamwaga wangeweza kuifunga, ni hiyo. Nyangoto walikuwa vijana wa kwenye mashimo ya dhahabu, mikono ya kuchimba, hawajui kurusha. Ila walikuwa na Waisiko. Waisiko alikuwa na miaka kumi na tisa, na mpira ukiwa mkononi mwake ulikuwa kama umezaliwa naye. Mechi ya kwanza aliwafunga Nyamwaga peke yake, huku Matiko, mchezaji mrefu wa Kornelio aliyekuwa akichuma mapapai bila kuruka, akimpisha kila alipokuja.

Kornelio alimwita Matiko pembeni.

"Mura, kijana wangu, mbona ulikuwa unamwachia njia?"

"Ni baba yangu."

"Baba yako! Wewe una miaka ishirini na minne!"

"Mwalimu," alisema Matiko kwa upole, "na wewe si ulimpa shikamoo?"

Kweli Kornelio alimpa.

Kwa Wakurya kizazi hakihesabiwi kwa miaka. Mtoto anaingia katika kizazi kinachofuata kile cha baba yake, basi. Mzee akioa mke wa nne na mvi zimemjaa, akazaa, katoto kale kanaponyonya tayari ni baba wa wanaume wenye ndevu. Waisiko alizaliwa hivyo. Alikuwa katika kizazi cha akina baba wa Matiko, na cha akina baba wa Kornelio pia. Na mwana hamsukumi baba, hamzibii njia, hampokonyi kitu mkononi. Ni mwiko, hata kama juzi tu ulimwona baba huyo akichunga ndama bila nguo. Bwana Athanas wa Ukerewe angejuaje hayo? Aliona adabu, akaandika adabu.

Kornelio hakuweza kumwamuru Matiko avunje mwiko ambao yeye mwenyewe asingethubutu kuuvunja. Alikwenda sokoni akiwa na kichwa kizito.

"Mjukuu!" aliita Benedicto Gati kutoka kwenye mkeka wake wa ugoro. "Mke wangu Kezia hajambo? Mwambie nguo zangu nitakuja kuzichukua mwenyewe."

Benedicto alikuwa na miaka hamsini na kitambi cha kutosha watu wawili. Kwa kizazi alikuwa babu wa Kornelio, na babu na mjukuu wanataniana watakavyo. Kornelio alikuwa amekwisha kufungua mdomo amrudishie, akauacha wazi. Kama Benedicto ni babu yangu, aliwaza, na Waisiko ni baba yangu, basi Benedicto ni nani kwa Waisiko?

Alikaa mkekani. "Babu, umewahi kucheza kikapu?"

"Nimewahi kukibeba."

"Nina kazi. Ni ya kusimama tu."

"Kusimama naweza. Nalipwa nini?" Benedicto alishusha macho, akayakazia miguuni kwa Kornelio. "Hizo buti zinanipenda."

Kornelio alizitazama mara ya mwisho. Kisha akakubali.

Siku ya mechi watu walijaa, wengi wakiwa wamekuja kuaga kiwanja. Benedicto alipoingia, fulana ikiwa imekatalia juu ya kitovu na buti zimeng'aa, kicheko kilisikika hadi mtoni. Kezia alifuta machozi. "Kornelio, huyo ni mchezaji au ni nguzo mpya?"

Waisiko akapata mpira. Akadunda, akakata kushoto, Matiko akampisha kama kawaida. Mbele yake, chini ya kikapu, akamkuta Benedicto amesimama, mikono nyuma, kama mtu anayengoja mgeni. Waisiko akasimama ghafla kama ng'ombe aliyeona shimo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Kufunga, baba."

"Hapa kwangu?"

Waisiko alirudi kinyumenyume akampa mpira mwenzake. Mwenzake, aliyezoea kutazama, aliutazama na mpira pia, ukampita.

Bwana Athanas alimwinamia Hezekia. "Mwenyekiti, huyu mzee ana ujuzi gani?"

"Wa kuzaliwa," alisema Hezekia.

Ikawa hivyo muda wote. Tamaa ikamwingia Benedicto, akataka naye afunge. Akaubana mpira kwapani kama kuku aliyenunuliwa, akatembea taratibu hadi kikapu cha Nyangoto. Waisiko akampisha. Refa, mtu wa mjini, akapuliza filimbi, akamweleza kwamba mpira unadundwa. Benedicto akajifunza kudunda palepale, akaenda tena, akapishwa tena, akarusha mara tatu, akakosa zote tatu. Njia alifunguliwa, lakini kikapu hakina kizazi.

Hata hivyo Matiko na wenzake waliokota pointi mojamoja. Zilipobaki dakika chache, Nyamwaga walikuwa na ishirini na mbili, Nyangoto ishirini na moja. Kornelio alikuwa amepiga magoti kwenye mstari bila kujua.

Mchimbaji mmoja wa Nyangoto akarusha. Mpira ukagonga chuma ukaruka juu, na macho yote yakaufuata. Ya Waisiko pia. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alisahau baba yake yuko wapi. Akaruka kama alivyozoea kuruka, na kiwiko chake kikampata Benedicto mdomoni.

Benedicto akaanguka chali. Damu ikashuka kidevuni.

Kicheko kikakatika. Waisiko aliiona damu, akakaa chini vumbini, akavuta fulana akafunika kichwa. Mpira ulijiviringisha ukasimama katikati ya kiwanja, na hakuna kijana wa Nyangoto wala wa Nyamwaga aliyeukaribia, maana mwana alikuwa amemwaga damu ya baba. Refa akapuliza filimbi, akafoka, mwisho akabaki anaangalia saa yake mpaka muda ukaisha. Ishirini na mbili kwa ishirini na moja.

Jumamosi ubao ulisema: "Nyamwaga, ya tano: ulinzi wao sijawahi kuuona popote, na sijauelewa." Mihogo ikatafutiwa mahali pengine, vijana kumi wakaendelea na Jumanne na Ijumaa zao.

Lakini wazee wa mila wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kukaa. Waisiko hawakumwona na kosa. Waliuliza swali moja tu: nani aliwaweka baba na mwana chini ya chuma kimoja ili wagombee kitu? Kornelio akasimama kabla hajatajwa. Akaambiwa alete cha kutakasia mwiko, na Benedicto na Waisiko wakala nyama pamoja, baba akitafuna kwa upande.

Jioni ya Jumamosi hiyo Kezia alimwekea Kornelio maji ya kuoga, na safari hii hakucheka.

"Wa tano," alisema. "Haya, nihesabie, mume wangu. Imetugharimu nini?"

Kornelio alihesabu kwa vidole. Kondoo jike mmoja, mwenye mimba. Pombe ya ulezi, madebe mawili. Buti za JKT, jozi moja. Meno ya Benedicto mawili, ya mbele, ya juu. Na Waisiko, mmoja, mchezaji aliyewazidi wote kwenye ubao ule, ambaye tangu siku ya mechi hakushika mpira tena.