Joto la Amri

Katika mji wa Starobor, baridi haina mamlaka. Mamlaka yako ofisini. Sheria inasema mabomba ya joto yafunguliwe baada ya siku tano mfululizo za chini ya nyuzi nane, na hata ukigeuka barafu siku ya nne, utaisubiri ya tano ukiwa barafu vilevile. Yefim Prokhorovich alikuwa fundi wa mabomba katika ukumbi wa tenisi wa mji huo kwa miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo hakuwahi kufungua bomba hata moja kwa akili yake mwenyewe. Valvu kubwa ilifungwa kwa waya na muhuri, na wa kuukata muhuri ni Mkurugenzi Arkadi Lvovich Shchukin peke yake.

Mkewe, Zoya, aliuza chai na mikate ya kabichi kwenye mkahawa mdogo wa ukumbi huohuo, unaotazamana na uwanja. Aliuza akiwa amevaa makoti mawili, moja juu ya jingine. Vuli yake ya mwisho duniani, kikombe cha Shchukin kilipotea: kikombe cha bluu chenye wavu wa dhahabu, zawadi kutoka kwa wakubwa wake. Shchukin akabandika jina la Zoya kwenye ubao wa matangazo, eti yeye ndiye aliyekichukua. Yefim alilichana tangazo lile mbele ya wafanyakazi wote.

"Mke wangu," alisema, "hajawahi kuchukua hata kijiko cha mtu!"

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata Zoya akafa. Daktari alisema ni mapafu. Yefim alisema ni Shchukin. Sasa ulikuwa mwaka wa nne, na salamu baina yao haikuwepo.

Binti yao Kapitolina, ambaye mji mzima ulimwita Kapa, alikulia kwenye baridi hiyo akiwa na raketi mkononi. Mpira wa tenisi ukipoa huwa kama karani wa serikali: unaupiga, hauinuki. Basi Kapa alijifunza kuufuata hukohuko chini, goti likifagia sakafu, akiukata kama mtu anayechimba viazi. Makocha wa mbali walipomwona mara ya kwanza walicheka. Kisha wakaacha kucheka, maana mpira wake ukishavuka wavu ulikuwa unalala, na aliyelala haamshwi kwa raketi.

Kwa mpira huo wa kulala alizunguka dunia. Penye theluji alishinda. Penye mitende alitolewa raundi ya kwanza, akarudi nyumbani na pua iliyobabuka na mkoba uliojaa sabuni ndogo za hotelini, ambazo Zoya alizipanga kabatini pale ambapo familia nyingine huweka vikombe vya ushindi. Alipokuwa na miaka ishirini na mitatu alifika nafasi ya mia moja themanini na saba katika orodha ya dunia. Yefim akakata habari ile gazetini na kuibandika kwenye mlango wa chumba cha mabomba, na bado ilikuwepo, imegeuka rangi ya chai. Sasa Kapa alikuwa na miaka ishirini na tisa, nafasi ya mia nne na sitini na kitu, na bandeji gotini.

Ijumaa, mbele ya sahani za supu ya kabichi, alimwambia baba yake bila kumtazama:

"Baba, nikishindwa fainali kesho, nasaini."

"Unasaini nini?"

"Ile karatasi ya Shchukin. Naacha kucheza, Jumatatu naanza kazi ukumbini. Kugawa viatu. Kufundisha wake za wakubwa."

Yefim aliweka kijiko chini. "Mama yako alikuwa chini ya Shchukin. Mimi niko chini ya Shchukin. Ukoo mzima tuwe soksi za mtu mmoja?"

"Nikishinda napata nafasi kwenye mashindano makubwa ya mji mkuu, naendelea. Nikishindwa, basi. Nina goti la mzee, baba."

"Mzee gani? Langu liko salama."

"Basi kesho kacheze wewe."

Lakini Yefim hakuwa na wasiwasi sana, maana alikuwa amehesabu. Baridi ilianza Jumatano. Kesho ni siku ya nne, muhuri haukatwi. Ukumbi utakuwa kama jokofu, na mpinzani wa Kapa, yule msichana kutoka mji mkuu, Milana, mtoto wa miaka kumi na saba aliyelelewa kwenye kumbi za joto, ataona mpira unamfia miguuni. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Yefim aliomba baridi izidi.

Asubuhi alimkuta Shchukin kwenye chumba cha mabomba, na koleo mkononi. Muhuri ulikuwa sakafuni. Mabomba yalikuwa yameanza kunguruma kama tumbo la mgonjwa.

"Leo ni siku ya nne, Arkadi Lvovich!" Yefim alipaza sauti. Miaka minne ya kununiana ikaishia hapo.

"Leo anakuja mheshimiwa kutoka mkoani. Atakaa mstari wa mbele. Ulitaka akae na koti kama abiria wa treni?"

"Na sheria?"

"Miaka thelathini unanililia joto." Shchukin alifunga koleo kwenye leso. "Nimekupa joto. Sema asante."

Yefim aliuokota muhuri sakafuni. Zoya alikohoa miezi mitano kwa sababu ya kungoja joto la hawa watu, hawakulitoa kwa wakati. Siku moja tu katika maisha yake yote ameitaka baridi, wametoa joto! Kama si uadui ni nini?

Kufikia saa sita mchana kipimajoto kilichokuwa karibu na kiti cha mwamuzi kilionyesha nyuzi thelathini na moja. Mabomba ya Starobor hayajui robo wala nusu, yakiwashwa yamewashwa. Bi Raisa, mtunza makoti, alikuwa amezama kwenye rundo lake hadi kidevuni, akijipepea kwa kofia ya mtu. Mheshimiwa, mtu mnene mwenye shingo fupi, alikaa mbele katikati ya wasaidizi wake wawili, amelegea na kutabasamu kama aliye bafuni.

Uwanjani ilikuwa msiba. Mpira uliruka kama samaki aliyetiwa kikaangoni akiwa hai. Kapa aliukata, ukainuka mpaka kifuani kwa Milana, na Milana akaupiga kama mtu anayefukuza nzi, kila mara kwenye kona. Seti ya kwanza, sita kwa mbili. Walipobadilishana pande, Milana alisema kwa upole uliochoma kuliko tusi:

"Pole, shangazi. Goti linauma?"

Kapa alirudi mstarini. Alicheza mabega yakiwa juu, kama mtu aliyebeba jeneza na anaogopa kuliangusha.

Yefim alimfuata Shchukin nyuma ya viti. "Punguza hata robo."

"Amri inasema kuwasha. Haisemi robo."

"Basi zima."

"Kuzima kuna amri yake," Shchukin alisema. "Inasainiwa mwezi wa nne."

Hapo Yefim akachukua kisu cha kukatia mikate.

Madirisha ya ukumbi yalikuwa na fremu mbili-mbili, na Jumamosi iliyopita aliyaziba yote kwa mikono yake kama alivyofundishwa na Zoya: pamba kwenye kila mwanya, kisha vipande vya gazeti kwa uji wa unga, tabaka tatu. Zoya alikuwa akisema dirisha lililozibwa vizuri hata shetani hapitishi kucha. Sasa Yefim alipanda ngazi akakata kazi yake mwenyewe, dirisha la kwanza, la pili, mpaka la tano, pamba zikimwangukia kichwani. Aliyafungua. Akangoja. Joto halikutikisika. Lilisimama palepale, nene kama uji. Seti ya pili, Kapa alikuwa nyuma, tatu kwa moja.

"Unapoteza wakati, Prokhorovich," Bi Raisa alimwambia kutoka kwenye makoti. "Hewa ni kama ng'ombe. Haitoki zizini mpaka mtu aisukume kutoka nyuma. Fungua la mkahawani, linalotazama mtoni."

"La mkahawani haliguswi."

Bi Raisa aliacha kujipepea, maana alijua. Dirisha la mkahawani lilizibwa na Zoya mwenyewe, vuli ile ya mwisho, na tangu hapo halikuwahi kufunguliwa, hata wakati wa kiangazi. Alama ya kidole gumba chake ilikuwa bado kwenye uji uliokauka.

"Mimi simfahamu Zoya kuliko wewe," Bi Raisa alisema. "Lakini Zoya ninayemjua mimi angeshalifungua, halafu akakutukana kwa kuchelewa."

Yefim alitazama uwanjani. Kapa alikuwa akijifuta uso, na machoni mwake alishaanza kuisaini ile karatasi.

Akaingia mkahawani. Alikata taratibu, akiiruka alama ya kidole. Akavuta fremu ya ndani. Katikati ya vioo viwili kulikuwa na rundo la pamba ya rangi ya moshi, na ndani yake, pasipoonekana kwa nje, kishada cha matunda mekundu ya msituni yaliyokauka, na chumvi, kama kila nyumba ya Starobor inavyoweka ili kioo kisipate ukungu. Watu huiweka kwenye glasi. Zoya aliiweka kwenye kikombe cha bluu chenye wavu wa dhahabu.

Yefim alikishika kile kikombe kwa mikono miwili.  Kisha akafikiri: mwanamke huyu! Miaka minne nimemnunia mtu, kumbe siku hiyo moja alikuwa anasema kweli! Akafungua fremu ya nje kwa kiwiko.

Upepo wa mtoni ulikuwa umengoja kwa miaka minne. Uliingia kwa kishindo, ukapita juu ya birika la chai, ukavuka uwanja mzima na kutokea kwa madirisha matano ya upande wa pili, ukipeperusha makaratasi ya mwamuzi.

Watu wa Starobor wataketi kwenye joto la tanuri bila kulalamika. Lakini upepo unaopita dirisha kwa dirisha ni kitu kingine. Huo hupinda shingo, huua figo, humaliza ukoo.

"Upepo unapenya!" akapiga kelele mama mmoja. "Funikeni watoto!"

Mheshimiwa alikuwa ameshika shingo yake kwa mikono miwili. "Shingo yangu!" alisema, na wasaidizi wake wakamtoa kwa mwendo wa kumwokoa mtu motoni. Shchukin alikimbia upande mwingine, mkahawani, kwenda kulifunga dirisha, akafika mlangoni na kusimama ghafla.

"Kikombe changu!"

Mkahawa unatazamana na uwanja, kwa hiyo kila mtu alisikia.

"Ndiyo," alisema Yefim. "Chako."

"Si nilisema! Nilisema ni Zoya!"

"Ulisema."

"Na wewe ukanichania tangazo mbele ya watu!"

"Nilichana," Yefim alisema. "Lakini ungetoa joto kwa wakati, vioo visingelowa. Visingelowa, asingehitaji chumvi. Asingehitaji chumvi, asingehitaji kikombe. Umejiibia mwenyewe, Arkadi Lvovich."

Kutoka uwanjani sauti ya Kapa iliita: "Baba! Hicho ni nini?"

"Kikombe!"

"Kikombe kipi?"

"Kile!"

Kapa alitazama kikombe, akamtazama Shchukin, akamtazama baba yake mwenye pamba kichwani. Akashika wavu. Akacheka. Alicheka mpaka akachuchumaa, na mwamuzi akalazimika kusema, "Kimya, tafadhali," kwa mchezaji badala ya watazamaji. Alipoinuka mabega yalikuwa yameshuka. Jeneza alikuwa ameliweka chini.

Kocha wa Milana alikwenda kulalamika. Mwamuzi akapekua kitabu cha kanuni mbele na nyuma. "Mvua imo," alisema. "Giza limo. Dirisha halimo. Wote wawili wanapigwa na upepo uleule. Tuendelee."

Kipimajoto kilishuka hadi kumi na tisa, kisha kumi na nne. Mpira ulianza kuchoka. Kapa aliukata, ukalala. Milana alikuja mbio, akainama, akakuta mpira umeshaenda zake chini ya raketi. Seti ya pili, sita kwa nne, ya Kapa. Mwanzoni mwa seti ya tatu Milana aliomba sweta. Kufikia tano kwa tano pumzi zao zilionekana hewani, na Yefim, aliyesimama mkahawani na kikombe kifuani, alikuwa amekunja goti lake mwenyewe bila kujua, kila mpira, mpaka likaanza kuuma. Saba kwa tano, ya Kapa. Mpira wa mwisho uligusa juu ya wavu, ukafikiri kidogo, ukaangukia upande wa pili na kutulia kama paka.

Milana alikuja kutoa mkono, pua nyekundu. "Shangazi, mpira wa namna hiyo unafundishwa wapi?"

"Hapahapa," alisema Kapa. "Njoo ukae na sisi baridi mbili. Joto tutakukatalia bure."

Shchukin alikuwa ameshaondoka, anafukuzia gari la mheshimiwa na chupa ya dawa ya kuchua. Kwa haraka yake alisahau mambo mawili: kikombe mkononi mwa Yefim, na faili lake lenye ile karatasi ya Kapa, juu ya meza ya mkahawa.

Jioni hiyohiyo baba na binti walikoroga uji wa unga. Yefim aliosha kikombe, akatia chumvi mpya, akakirudisha palepale katikati ya vioo, safari hii juu ya pamba, pamoja na kile kishada.

"Utamwacha Shchukin bila kikombe chake?" Kapa aliuliza.

"Nipe karatasi."

"Gazeti limekwisha."

Kapa alifungua faili, akatoa mkataba wake, kurasa tatu zenye mhuri. Akaupapasa. "Nzuri hii. Nene." Akaichana vipande virefu, na baba yake akapaka uji, na wakaziba kuanzia juu mpaka chini, wakiiacha ile alama ya kidole gumba ilipo.

Huko mji mkuu Kapa alitolewa raundi ya pili. Ukumbi wao una joto zuri sana. Lakini alipiga simu kusema kuna mashindano Novemba huko kaskazini, na kwamba wenyeji wamemwambia mabomba yao ni mabovu kabisa.

Na Shchukin? Jumatatu ile baada ya fainali alikuja mkahawani, akasimama mbele ya dirisha, akakitazama kikombe chake kupitia kioo.

"Kitoe," alisema.

"Haiwezekani, Arkadi Lvovich," alijibu Yefim, akimmiminia chai kwenye glasi. "Dirisha likishazibwa halifunguliwi mpaka Pasaka. Sheria ni sheria."