Kabari Kwenye Betri

Kila asubuhi, kabla ya chai, sisi watatu tulikuwa na kazi moja: kumwamsha Shangazi.

Shangazi ni pikapu ya baba. Ana umri mkubwa kuliko mimi. Mama ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu ni lazima abembelezwe kwanza ndipo akubali kutoka nyumbani, na akishatoka hakosi la kulalamikia.

Baba hufungua boneti na kuiegemeza kwenye kipande cha ubao, maana chuma chake kilipotea zamani. Kisha hushika kichwa cha waya wa betri, ambacho alikichomoa jioni, na kukikandamiza mahali pake kwa kiganja. Tulianza hivyo tulipogundua kwamba kuna kitu kinanyonya betri usiku. Shangazi akilala na waya umeungwa, asubuhi hata hakohoi. Basi badala ya kutafuta kinachonyonya, tukazoea kuchomoa kichwa kila jioni, kama watu wanavyofunga mlango. Baba alisema gari lililochomolewa betri ni gari lililolala, na gari lililolala halina madhara kwa mtu.

Mama hukaa kwenye usukani. Hajui kuendesha. Kazi yake ni kuzungusha ufunguo baba akimwambia. Mimi husimama getini na mnyororo mkononi.

"Tayari, dereva?" baba huuliza kutoka nyuma ya boneti.

"Tayari, abiria," mama hujibu.

Na dirishani kwake ng'ambo ya njia, jirani yetu fundi cherehani huacha kushona ili asikose kitu. "Seremala! Hilo gari lina umeme au lina mashetani?"

"Lina vyote viwili," baba hujibu. "Wewe funga mdomo, lisije likakusikia."

Asubuhi ile baba alikuwa na furaha ya pekee. Siku iliyotangulia, kichwa cha betri kiliruka barabarani kwenye shimo, gari likazimika katikati ya magari mengine huku kabati la mteja likiwa nyuma. Watu walimpigia honi na kumtukana. Alirudi amenuna, akaingia karakana, akachonga kabari ndogo ya mti mgumu. Sasa aliichomeka kati ya kichwa na nguzo ya betri, akaigonga kwa nyundo mara chache, akaniita.

"Njoo uone, binti yangu. Leo hakiruki hiki."

Nikainama. Kabari ilikuwa imekaa sawasawa, imepigwa msasa hadi inang'aa, kana kwamba kuna mtu angekuja kuikagua. Baba hajui kufanya kazi mbaya ya mbao, hata pale ambapo mbao haitakiwi. Nyundo akairudisha kwenye sanduku lake nyuma ya kiti.

"Washa!"

Mama akazungusha ufunguo. Injini ikaitika mara ya kwanza. Fundi cherehani akapiga makofi. Nilikuwa nafungua mnyororo wa geti niliposikia mama akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeona inzi kwenye kikombe, "Baba watoto, kuna kitu kinanuka humu."

Moshi ulikuwa unatoka chini ya dashibodi, mweupe na mwembamba. Halafu ukawa wa kijivu.

"Zima!" baba akasema.

"Nimezima! Ufunguo huu hapa!"

Aliuinua tuuone. Injini ilikuwa imenyamaza kweli, lakini moshi ulizidi. Hapo nikajua. Waya uliokuwa unaungua ulikuwa haupitii kwenye ufunguo. Ulitoka moja kwa moja kwenye betri. Mimi ni mtu ambaye siku zote huambiwa rudia, hatujakusikia. Siku hiyo fundi cherehani anasema alinisikia juu ya kelele za cherehani yake.

"Baba, chomoa betri! Mama, toka!"

Mlango wa dereva wa Shangazi hufunguliwa kwa nje tu. Nilikimbia nikauvuta. Mama alitoka akikohoa, ameshika mkono wake wa kulia, ambapo plastiki iliyoyeyuka ilikuwa imemdondokea. Baba alikuwa anavuta kichwa cha betri. Hakikutoka. Siku zote kilikuwa kinachomoka kwa vidole viwili, mpaka tukawa tunakitania, lakini sasa alivuta kwa mikono yote miwili, akafunga kitambaa kwenye waya kwa sababu ulikuwa wa moto, akavuta tena, na kabari ikashikilia kama kazi zake zote zinavyoshikilia.

"Nyundo!" akasema.

Nyundo ilikuwa nyuma ya kiti, ndani ya moshi.

Nilikimbilia karakana kuchukua nyingine. Niliporudi, moto ulikuwa umeshaona unga wa mbao. Lile lilikuwa gari la seremala. Miaka yote hiyo unga wa mbao ulikuwa umejaa kila tundu, chini ya zulia, nyuma ya dashibodi, ndani ya viti, mkavu kama kiberiti. Baba aliipiga kabari ikaruka, kichwa kikatoka, lakini moto haukuhitaji betri tena. Kisha ukafika kwenye kopo la vanishi lililokuwa nyuma ya kiti. Fundi cherehani alikuja na beseni la mchanga na shuka mbichi, majirani wengine wakaja na mchanga wao, na kwa pamoja tuliuzuia usifike karakana. Shangazi hatukumwokoa. Vilibaki vyuma, na springi za kiti alichokuwa amekalia mama.

Nilipompeleka mama zahanati na kumrudisha, watu walikuwa wametawanyika. Mkono wake ulifungwa bendeji. Mganga alisema utapona, lakini alama itabaki. Baba alimsaidia kukaa kwenye benchi nje ya karakana. Alimletea maji, akamletea mto wa kuegemea, akamletea mto wa pili.

"Mito yote ya nini?" mama akasema. "Nimeungua mkono, sijajifungua."

Baba hakucheka.

Nilichukua koleo nikaingia kwenye mabaki. Nilisomea umeme wa magari chuoni, na sasa nafanya kazi kwenye gereji ya kampuni ya usafirishaji. Kutafuta mahali moto ulipoanzia ni kazi ninayoifahamu, ila sijawahi kuifanya nikijua jibu kabla ya kuanza. Kwenye bati linalotenganisha injini na miguu ya dereva kulikuwa na tundu, na ndani ya tundu hilo shaba ya waya ilikuwa imeyeyuka na kugandana na bati. Pembeni, upande ambao moto haukufika, kilibaki kipande cha tepu nyekundu.

Tepu ile ilikuwa ya mdogo wangu. Tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa. Alifunga redio kwenye Shangazi wakati bado anajifunza useremala kwa baba. Tundu alilitoboa mwenyewe. Waya aliuvuta kutoka kwenye betri bila fyuzi, na kwenye tundu hakuweka mpira wa kuuzuia usisuguliwe. Kila injini ilipotetemeka, ukingo wa bati ulikuwa unaukwangua waya kidogo kidogo, kama tupa. Na redio yenyewe ndiyo iliyokuwa inanyonya betri usiku.

Nilipomaliza chuo nilimwambia baba. Nilimwonyesha. "Waya huu ni hatari. Nipe muda kidogo tu niubadilishe."

"Tengeneza taa," baba alinijibu. "Tengeneza honi. Tengeneza unachotaka. Huo usiuguse."

Nilidhani haiamini mikono yangu. Nikatengeneza taa na honi, nikanyamaza.

Kitinda aliondoka siku moja mchana, kwenda kufanya kazi kiwandani, mji wa mbali. Walikuwa wamegombana na baba wiki nzima. Alipokuja kuaga, begi begani, baba alikuwa anapiga randa mguu wa meza. Hakuinua kichwa. "Nenda," alisema. "Hapa hakuna anayekuzuia." Kitinda alisimama kidogo, kama mtu anayesubiri aongezewe, halafu akaenda.

Tangu hapo, akipiga simu, humpigia mama. Mama huweka spika, kisha huja kukaa mlangoni mwa karakana, ati kuna upepo. Na baba huweka randa chini, akachukua msasa laini kuliko yote aliyonayo, akasugua polepole, maana msasa ule hauna kelele. Kitinda akiuliza, "Mzee yupo?" mama humtazama baba. Baba huonyesha kazi iliyo mbele yake. "Yupo, mwanangu," mama husema, "ila ameshikwa kidogo." Imekuwa hivyo mpaka nimezoea, kama tulivyozoea kuchomoa betri.

Nilipoinua kichwa kutoka kwenye lile tundu, baba alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ni ule?"

"Ndiyo, baba."

Aliokota kipande cha tepu, akakigeuza mkononi. "Asijue," akasema. "Atajiona kwamba kamuunguza mama yake."

"Sawa, baba."

"Na nilipokukataza, haikuwa kwa sababu ya mikono yako."

Nilitaka kumwambia najua. Lakini nilikuwa sijui, hadi dakika ile.

Simu ililia kabla hatujafika mlangoni. Mama aliipokea kwa mkono wa kushoto, akaweka spika. Baba akaingia ndani, akachukua msasa.

"Mama! Fundi cherehani kaniambia umeungua!"

"Huyo naye. Mkono tu, mwanangu. Nimefungwa bendeji, nimewekewa mito kama bibi harusi."

"Usinifiche."

"Sikufichi. Ningekuwa nakufa ningekuwa nakutania?"

Kitinda alivuta pumzi. "Moto ulianzia wapi?"

Mama akanitazama. "Shangazi alikuwa amezeeka," akasema.

"Dada yupo hapo? Dada, wewe ndiye unayejua mambo haya. Ulianzia wapi?"

Sijui kusema uongo, na ukweli nao hunitoka kwa shida. "Chini ya dashibodi," nikasema.

"Upande gani?"

Ndani ya karakana, msasa ulisimama.

"Upande wa redio," akasema mwenyewe. "Ni waya wangu, siyo? Niliupitisha kwenye bati hivi hivi. Nilisema nitatafuta mpira niuweke, halafu nikasahau, halafu nikaondoka." Sauti ilianza kumpotea. "Mzee alisema mimi nafanya kazi nusunusu. Siku zote alisema. Sasa ona, mama alikuwa amekaa ndani. Msimwambie kwamba nimepiga. Sijui hata kama nitapiga tena, nitaanza vipi?"

"Kitinda, usiseme hivyo," mama akasema. "Mwanangu? Usikate."

Baba alitoka. Alikuwa na unga wa mbao hadi kwenye viwiko. Aliichukua simu kutoka mkononi mwa mama, akaishika kwa mikono miwili, wima mbele ya mdomo wake, kama kitu kilichojaa ambacho kingeweza kumwagika.

"Kitinda."

"Baba?"

"Waya ulikuwa wako. Sitakudanganya. Lakini dada yako aliuona, akanionyesha, akataka kuutengeneza. Mimi ndiye niliyekataa. Na betri nimeigongea kabari kwa mkono wangu, ikanishinda kuitoa. Kwa hiyo huo moto ni wangu. Umesikia? Usiubebe."

"Kwa nini ulimkataza dada?"

Baba alitazama mabaki ya Shangazi pale getini. Fundi cherehani, dirishani kwake, alikuwa ameinamia nguo ambayo haikuwa na haja ya kuinamiwa kiasi kile.

"Kilikuwa kimebaki hicho tu," baba akasema. "Kati ya vitu ulivyovifunga kwa mkono wako. Redio yenyewe iliacha kutoa sauti zamani. Nilikuwa naiwasha hivyo hivyo."

Nilimsikia mdogo wangu akilia, kwa namna ile ya mtu anayeweka mkono mdomoni. Mama alijifuta macho kwa bendeji. Nilidhani baba angemrudishia simu sasa, maana kwake hayo yalikuwa tayari maneno mengi. Hakuirudisha.

"Siku ile ulipokuja kuniaga," akasema, "nilikwambia hapa hakuna anayekuzuia."

"Ulisema, baba."

"Alikuwepo." Aliisogeza simu karibu zaidi na mdomo. "Nilikuwepo mimi. Nilitaka kusema usiende, mwanangu. Usiende."